Nakili Kama Ilivyo

Momela,
22 Aprili 2025

Mpendwa Ephraimu,

Salamu. Mimi ni mzima, ng'ombe ni wazima, mvua imenyesha ya kutosha na mahindi yametoka vizuri. Nimeanza na salamu kwa sababu ni mimi niliyekufundisha darasa la tano kwamba barua ya kirafiki huanza na salamu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Simu niliiweka kabatini mwaka jana mwezi wa sita, siku waliyonipigia kuniambia habari za Bariki na pikipiki yake, na sijaitoa. Barua hii nimempa Hatibu wa lori la nyanya. Amesema akishashusha mzigo soko la Kilombero, Arusha, atakufikishia hapo Sakina, mafundi wote wa kompyuta anawajua.

Nina shida moja. Jumamosi tarehe 14 Juni tunamwekea mwanangu msalaba. Ule wa mbao umeanza kuoza chini, na ukoo umekubaliana mwaka ukitimia tuweke wa zege, mchungaji aje afanye ibada palepale kaburini. Mchungaji ameniuliza kama nina chochote cha Bariki cha kusikilizwa watu wakiwa wamekaa. Ninacho. Kwenye kompyuta yake kuna sauti aliyonirekodia siku nilipostaafu, dakika nne, ananisemesha mimi mama yake. Amerekodi kwaya ya usharika miaka saba, lakini yeye mwenyewe anazungumza kwenye hiyo moja tu. Nimeisikiliza mara moja tangu msiba. Nataka isikike siku hiyo mbele ya watu.

Mchungaji ana laptop. Amesema nimletee sauti kwenye flash. Nimenunua flash Usa River nikaichomeka, hakuna kilichotokea. Kompyuta ya Bariki si kama zile za ofisi ya shule. Ina hiyo Linux yenu, inafungua skrini nyeusi na kialama kinapepesa, basi. Aliniachia karatasi ya namna ya kusikiliza, na karatasi inasema sauti ipo kwenye folda ya sauti, mwaka 2021, jina kwa-mama.

Vijana wa kwaya wangeweza kunisaidia, ila sitaki mtu aingie kile chumba. Na wewe usije. Si kwa ubaya. Kiti kipo alivyokiacha, na koti lipo mgongoni mwa kiti. Niandikie hatua, nitazifuata.

Ukiniuliza ninaendeleaje: ninaamka, ninakamua, ninakwenda kanisani. Nakaa benchi la mwisho, palepale Bariki alipokuwa akiniweka ili nimnyooshee mkono kama spika zinafika nyuma. Siku hizi hakuna anayeuliza kama zinafika. Silii. Watu wananisifu kwamba nina moyo mgumu, lakini ukweli ni kwamba sijisikii kitu.

Mwalimu wako,
Elieshi Mbise


25 Aprili 2025

Mwalimu, shikamoo.

Hatibu ameniletea barua yako ina doa la nyanya kwenye bahasha. Nilipouona mwandiko nikasimama wima, fundi mwenzangu akacheka mpaka akaangusha bisibisi. Miaka ishirini na mbili imepita lakini mwandiko ule bado unanisimamisha.

Pole, Mwalimu. Sijafika Momela tangu tulipozika. Nimekuwa nikisema kazi ni nyingi. Kazi si nyingi kiasi hicho. Ukiniambia nisije, nakuelewa, na nitasema ukweli, nimepumua.

Sasa tuingie kazini. Kompyuta hiyo naijua kama mfuko wa suruali yangu, tuliifunga mimi na Bariki hapa juu ya meza yangu mwaka 2019. Aliweka Linux kwa sababu flash za wanakwaya zilikuwa zinatoka stationery zimejaa virusi, akachoka kuzisafisha. Tatizo lake ni kwamba, alivyoipanga yeye, haifungui flash yenyewe. Lazima uiambie.

Kila kifaa cha kutunzia vitu hupewa jina kwa kufuata foleni. Diski ya ndani ni ya kwanza, inaitwa sda. Kinachofuata kinaitwa sdb, kinachofuata tena sdc. Kwako diski ni moja, kwa hiyo flash ukiichomeka ndiyo sdb. Ile 1 ya mwisho ni chumba cha kwanza cha humo ndani. Andika mstari mmoja mmoja, kila ukimaliza bonyeza Enter:

sudo mount /dev/sdb1 /mnt
sudo cp /home/bariki/sauti/2021/kwa-mama.mp3 /mnt
sudo umount /mnt

Wa kwanza unaifungua flash, wa pili unanakili sauti, wa tatu unaifunga ili uichomoe kwa usalama. Usichomoe kabla ya wa tatu.

Itakuuliza paswedi. Bariki hakuwahi kuibadilisha. Ni elieshi, herufi ndogo zote. Ukiiandika hutaona kitu kwenye skrini, hata nukta. Usishtuke, inasoma. Na isiposema kitu ujue imekubali. Linux hulalamika tu, haisifii, kama mwalimu mmoja ninayemfahamu.

Mwanafunzi wako,
Ephraimu


Momela,
4 Mei 2025

Mpendwa Ephraimu,

Barua yako nimeipa saba juu ya kumi. Hukuandika mahali ulipo, na "tuingie kazini" si lugha ya barua.

Nimefanya yote. Kila mstari haukusema kitu, nikajua imekubali. Leo baada ya ibada nimempelekea mchungaji flash. Ni tupu. Aliichomeka mara tatu, akaipuliza, akaifuta kwa kanzu, ni tupu. Akaniambia pole, nikamwambia asante, nikarudi nyumbani kukata majani ya ng'ombe.

Hukuniambia kwamba jina langu ndilo neno lake la siri. Ulilitaja tu kama unataja namba ya spana. Nimeliandika mara tatu bila kuliona kwenye skrini. Nilidhani ningejisikia vibaya, sikujisikia hivyo wala vinginevyo.

Zimebaki wiki sita kasoro siku moja. Mafundi wameshamwaga zege la msalaba, limeanza kukauka nyuma ya banda. Dada yangu Theresia anapanga viti na chakula. Mimi kazi yangu ni hiyo sauti tu, na nimewaambia watu itakuwepo. Niandikie tena.

Mwalimu wako,
Elieshi Mbise


Sakina, Arusha,
6 Mei 2025

Mwalimu, shikamoo.

Mahali nimeandika. Naomba nane.

Flash za kununua Usa River nazijua. Nyingi zinakuja zimeandaliwa vibaya, zinapokea vitu bila kuvishika. Dawa yake ni kuisafisha na kuiandaa upya. Ni mistari michache tu. Hii lsblk ya kwanza haifanyi kitu, ni ya kuangalia kama flash imeonekana:

lsblk
sudo umount /dev/sdb1
sudo mkfs.vfat -F 32 /dev/sdb1
sudo mount /dev/sdb1 /mnt

Hiyo mkfs inafuta kila kitu kilichomo kwenye flash, lakini si flash ni tupu? Ukishaifungua, ijaribu kwanza kwa kuijaza kitu kikubwa, folda yoyote ya picha (cp ileile, ila andika cp -r kwa sababu ni folda), tuone kama inashika. Halafu ndiyo nakili sauti kama mara ya kwanza, na umalizie kwa kuifunga.

Mwalimu, nakuomba jambo moja tu: nakili kama ilivyo ubaoni, usiongeze, usipunguze. Unakumbuka? Darasa la nne uliandika ubaoni nane mara saba ni hamsini na nne. Mimi kwenye daftari nikaandika hamsini na sita. Ukanichapa fimbo mbili kwa kutonakili kilichoandikwa. Bariki alicheka mpaka na yeye akapata yake, tena na mama yake mzazi. Leo ubao ni wangu, ha ha.

Mwanafunzi wako,
Ephraimu


Momela,
10 Mei 2025

Mpendwa Ephraimu,

Nane umepata.

Nimenakili kama ilivyo. Zilikubali zote kimya kimya. Nikaijaza picha za msiba, zile ambazo wanakwaya walizimwaga humo kutoka kwenye kamera mwaka jana. Ndiyo folda ya kwanza niliyoikuta. Ni picha elfu moja na mia mbili, zilichukua muda mrefu, nikaenda kuteka maji nikarudi bado zinaingia. Zikaingia zote.

Kisha nikaandika mstari wa kunakili sauti. Safari hii imesema kitu. Inasema hakuna faili la jina hilo. Nimeangalia folda ya sauti, haina kitu. Haina 2021, haina kwaya, haina Pasaka, ni tupu.

Labda nimekosea kuandika. Kunakili huwa sikosei, lakini labda.

Hii ndiyo orodha iliyoonyeshwa na lsblk kabla sijaanza. Nimeiandika kwenye daftari kwa mazoea:

sda 232.9G
sdb 465.8G
sdc 14.9G

Niambie la kufanya.

Mwalimu wako,
Elieshi Mbise


Sakina,
11 Mei 2025

Mwalimu, shikamoo.

Zima kompyuta. Usiiwashe tena, usijaribu kitu chochote. Chomoa nyaya umpe Hatibu hiyo CPU, lile boksi lenyewe, aje nalo kesho au keshokutwa. Nimeongea naye. Flash ni mbovu, imeivuruga kompyuta kidogo. Nitaangalia.

Ephraimu


Momela,
13 Mei 2025

Ephraimu,

CPU hiyo. Nimeifunga kwa blanketi, na Hatibu ameahidi kuiweka mbele pamoja naye, si nyuma kwenye matenga.

Ili kuzifikia nyaya ilibidi nisogeze kiti. Nimekisogeza. Koti likaanguka, nikaliokota, nikalirudisha, lakini halikukaa kama lilivyokuwa.

Hukuandika "mwanafunzi wako" mwishoni, na wewe si mtu wa hivyo. Sauti ipo?

Mwalimu wako,
Elieshi Mbise


Sakina, Arusha,
29 Mei 2025

Mwalimu, shikamoo.

Wiki mbili umesubiri. Hatibu amepita hapa mara sita akiuliza kama kuna barua, na mara zote sita nimemwambia bado. Nimeandika tatu nikazichana. Hii naiandika kwa peni ili isifutike.

Flash haina ubaya wowote. Nilikudanganya. Ubaya ni wangu.

Nilipofungua CPU nilikuta diski mbili. Ile ya kwanza tuliyoifunga pamoja, na ya pili, kubwa zaidi, imefungwa kwa waya wa binding, ule wa kufungia nondo, kwa sababu skrubu hazikutosha. Bariki aliiweka mwenyewe, lini sijui. Juu yake ameandika kwa maka peni: SAUTI. Humo ndimo alimoweka kila kitu alichorekodi, na ile folda ya sauti ni mlango tu wa kuingilia humo. Kwenye foleni diski hiyo ndiyo sdb. Flash yako ilikuwa ya tatu, sdc.

Kwa hiyo mara ya kwanza ulinakili sauti kutoka diski hiyo kwenda diski hiyohiyo, ndiyo maana flash ilikuwa tupu. Na mara ya pili, Mwalimu, nilikuandikia uifute diski ya Bariki. Mimi ndiye niliyeandika. Fundi wa miaka kumi na mbili sikukuambia uninakilie kwanza kinachoonekana, kwa sababu nilijidai naijua. Mteja wa barabarani ningemuuliza. Kwako nilikuwa na haraka ya kukuchekesha.

Kufuta kwa namna ile hakuondoi vitu mara moja, kunaondoa majina na mahali vilipo. Kuna programu ya kuchimba. Lakini nilikuambia pia uijaribu kwa kuijaza, na picha za msiba zimeandikwa juu ya pale zilipokuwa sauti. Si zote. Sijui ni zipi. Nimekuwa nikichimba tangu tarehe 14. Vinatoka vipande bila majina, vingine vimekatikia katikati ya wimbo. Kwa-mama sijaiona.

Bariki alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu zangu. Sikuja kukuona mwaka mzima, na nilipoombwa kitu kimoja nimefanya hiki. Nimekosa, Mwalimu. Nina aibu ambayo siwezi kuieleza. Kama hutaki kuniona tena ni haki yako, CPU nitampa Hatibu.

Ephraimu


Momela,
2 Juni 2025

Mpendwa Ephraimu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa nimekaa jikoni. Sasa nami nikwambie, kwa sababu umeandika kwa peni.

Niliona.

Nilipoandika lsblk mara ya kwanza flash ilikuwa bado mkononi. Nikaona sda na sdb. Nilipoichomeka ikatokea sdc. Nikaichomoa, sdc ikaondoka. Nikaichomeka tena, ikarudi. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne, Ephraimu. Nilijua flash ni sdc. Na sdb ina ukubwa wa mara thelathini ya flash, nayo uliniambia haipo. Nilijua kwamba kuna kitu wewe hukijui.

Lakini ubaoni paliandikwa sdb, nikaandika sdb.

Umenikumbusha nane mara saba. Nilijua ni hamsini na sita. Nilijua wakati nimeshika fimbo. Nilikuwa nimeandika kwa haraka, na watoto sabini walikuwa wanatazama, nikaona heri wewe uchapwe kuliko mwalimu kufuta ubao. Sikuwahi kukwambia. Bariki alikuja kuniambia nyumbani, "Mama, Ephraimu alikuwa amepata," nikamwambia akalete kuni. Naomba unisamehe kwa fimbo zile mbili.

Tangu msiba watu wananiambia cha kufanya nami nanakili. Vaa hii, kaa hapa, kunywa uji, waambie asanteni, mwaka ukifika tutaweka msalaba. Nimefanya yote kama yalivyo, na imenisaidia kusimama. Kuuliza swali lolote kulikuwa kunanichosha. Hata siku ile, kukuandikia barua nyingine kukuuliza "mbona ziko tatu?" niliona ni mlima. Enter ilikuwa karibu zaidi.

Nilipoona folda ni tupu nikakaa nikangoja niumie. Nikangoja mpaka ng'ombe wakaanza kulia wanataka kukamuliwa. Sikuumia. Hilo ndilo lililonitisha. Nilikwenda kukamua nikiogopa, si kwa ajili ya sauti, bali kwa ajili yangu mwenyewe, kwamba nimemfuta mwanangu na nimenyamaza kama mashine.

Kwa hiyo hukuifuta peke yako. Wewe uliandika, mimi nikabonyeza nikiwa najua.

CPU usimpe Hatibu, ilete mwenyewe. Uje kabla ya ibada na chochote kitakachokuwa kimebaki. Kama hakuna kitu, njoo hivyohivyo, meza imekaa wazi vibaya. Theresia nimeshamwambia kwamba huenda sauti isiwepo. Hakuniuliza kwa nini.

Mwalimu wako,
Elieshi


Sakina, Arusha,
10 Juni 2025

Mwalimu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikatoka nje nikasimama barabarani, mabasi ya Namanga yananipigia honi. Zile fimbo mbili? Nilishasahau maumivu siku ileile. Kilichobaki ni kwamba kila nikifika nane mara saba nasita kidogo, hata leo.

Vipande vyote ni mia sita na kumi na moja. Nimevisikiliza vyote, kila kimoja mpaka mwisho, kwa sababu havina majina na hakuna njia nyingine. Ni kwaya, kwaya, kwaya. Mazoezi, watu wanakohoa, kinanda kinatafuta sauti, Mama Lesian wa kwaya anacheka. Kingine ni mvua tu juu ya bati, dakika kumi na moja.

Kwa-mama haimo. Nimetafuta nakala zote mbili, ile ya asili na ile uliyonakili kwa makosa yangu. Zote picha zimekaa juu yake. Nasikitika sana, Mwalimu.

Kipande chenye sauti ya Bariki ni kimoja. Sekunde kumi na moja. Si hotuba, wala si kitu alichokusudia kukitunza. Nimejaribu kukuandikia anachosema, nikaona kwenye karatasi hakifanani. Nimekinakili sehemu tatu, na safari hii nilisoma orodha kwanza, kidole kwenye skrini kama mtoto wa darasa la kwanza. Jina lake ni namba tu ambayo programu imekipa. Nimekuachia wewe ukipe jina.

Ijumaa saa nane mchana nitakuwa kwako na CPU. Nitaiweka mezani. Kiti sitakigusa.

Mwanafunzi wako,
Ephraimu


Momela,
17 Juni 2025

Mpendwa Ephraimu,

Salamu. Mimi ni mzima, na ng'ombe ni wazima.

Uliondoka kabla ya chakula. Theresia alikuwekea sahani na kuifunika, ikabaki mpaka jioni. Nadhani najua kwa nini uliondoka, na ndiyo sababu ya barua hii. Ulikuwa umeinamia laptop ya mchungaji, umewapa watu mgongo, kwa hiyo hukuona kilichotokea. Ulisikia ukimya tu. Ukadhani umetuaibisha mbele ya msalaba.

Nikueleze ulivyokuwa.

Waliniwekea kiti mbele pamoja na wafiwa, nikakikataa. Nikaenda nyuma kabisa, kwenye migomba, kwenye benchi lililoletwa kutoka kanisani. Ijumaa uliniuliza kama nataka kusikiliza kwanza, nikakwambia hapana, nitasikia na wenzangu. Mchungaji akatangaza kwamba tutamsikia marehemu. Ukabonyeza.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Mama, huko nyuma inasikika?"

Kisha ule mkwaruzo wa maiki akiwa amesimama anangoja, kisha ikakatika.

Watu walinyamaza kwa sababu usharika mzima unaijua sauti ile. Jumapili zote za miaka saba wamekaa kwenye mabenchi wakimsubiri amalize kuniuliza. Wala hakuna aliyeambiwa, wanakwaya waligeuka kunitazama kama walivyokuwa wanageuka siku zote, halafu wazee wakageuka, halafu hata Hatibu aliyesimama pembeni na kofia yake mkononi.

Nikanyoosha mkono.

Niliunyoosha juu kabisa na sikuushusha, kwa sababu hakuna aliyesema asante, Mama, shusha. Yeye ndiye aliyekuwa anasema. Hapo ndipo nilipoumia, Ephraimu. Ilikuja yote kwa pamoja, ya mwaka mzima. Nikalia kwa sauti mpaka Theresia akaja kunishika, na bado mkono ulikuwa juu. Nimelia Jumamosi yote na Jumapili yote. Jana nimelia kidogo. Kichwa kinauma na macho yamevimba, na nimeomba chai mwenyewe bila kuletewa.

Zile dakika nne zimekwenda na ninazililia pia. Sitakudanganya kwamba sekunde kumi na moja zimezifidia. Lakini zile nne alikuwa ananiaga nikitoka kazini, hazikuhitaji jibu. Hii ilikuwa swali.

Nimeamua jina la faili. Nataka liitwe inasikika. Amri ya kubadilisha jina siijui, na safari hii sitaki uniandikie. Njoo Jumamosi. Ukae kwenye kiti, koti nimelitundika ukutani. Utaandika wewe, mimi nitasimama nyuma yako nikitazama skrini, na nikiona umekosea nitakusahihisha.

Mwalimu wako,
Elieshi